Mwani Umekufa, Maji Bado Meupe: Kutafuta Ugonjwa wa Bwawa Baada ya Ukijani

Kila mwaka ikifika Juni simu zangu zinafanana. Nyumba ya wageni ilifungwa Aprili masika yalipopamba moto, pampu ikazimwa ili LUKU isile pesa bure, mvua ikaingiza majani na udongo bwawani. Mwenyewe anaporudi anakuta maji ya kijani kama kisamvu. Kijana wa bustani anamwaga klorini, kesho yake ukijani umeondoka, kila mtu anacheka. Siku ya tano maji bado meupe, ngazi ya tatu haionekani, na wageni wanaingia Ijumaa.

"Fundi, nimetia ndoo nzima. Niongeze nyingine?"

Usiongeze, mdogo wangu. Bado hatujajua unaongeza ya nini.

Weupe huu una vyanzo viwili vinavyofanana kama pacha. Huenda mwani haujafa wote, unazaliana upya na kuila klorini kila unapoitia. Au umekufa kabisa, na unachokiona ni maiti zake: chembe ndogo mno zinazoelea kwa sababu filta haizishiki. Wa kwanza dawa yake ni klorini. Wa pili dawa yake ni filta na subira. Ukimtibu mmoja kwa dawa ya mwenzake utamaliza ndoo, na maji yatabaki vilevile. Simu nyingi ninazopokea zinatoka kwa watu waliokwisha kununua chupa nne za kila aina kabla ya kupima kitu chochote.

(Nasema mwani kwa kuwa ndilo neno tulilonalo. Sio ule wa Paje na Jambiani kule Zanzibar unaofungwa kambani na kuuzwa kwa kilo. Huu hauna mnunuzi.)

Hesabu zote hapa chini nimezifanya kwa bwawa la mita 8 kwa 4, kina cha wastani mita 1.5. Hilo lina lita 48,000. Pima la kwako, uzidishe au ugawe.

Kabla ya dawa, funga bwawa

Simama ukingoni upande wa kina kirefu. Kama huoni wavu wa tundu la chini, hakuna anayeingia majini: si mgeni, si mtoto wa nyumbani, si wewe mwenyewe kwenda kusugua. Hapo sizungumzii dawa. Mtu akizama kwenye maji yenye rangi ya tui, haonekani hata ukiwa umesimama mita moja kutoka kwake. Funga geti, weka kamba, mwambie mlinzi.

Vipimo viwili vya kuanzia

Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, isiyo na rangi, toa karatasi yake. Izamishe hadi kiwiko kipotee, ijaze, ifunge, iweke dirishani pasipotikisika mpaka asubuhi. Ukikuta vumbi la kijivu au la kijani lililofifia limetulia chini na maji ya juu yameng'aa, hizo ni chembe zilizokufa na zinaweza kukusanywa. Maji yakiwa bado meupe kutoka juu hadi chini, chembe ni ndogo zaidi au ni chokaa. Nenda kwenye dalili ya nne kwanza.

Kipimo cha pili ndicho kinachoamua. Jua likishazama, pima klorini huru, yaani ile ambayo bado ina nguvu ya kuua, uandike. Alfajiri, kabla jua halijagusa maji, pima tena. Ikiwa imeshuka zaidi ya miligramu 1 kwa lita, kuna kitu hai kinachoila. Ikiwa imeshuka chini ya hapo, kazi ya kuua imekwisha. Usipime mchana kwa ajili hii, kwa sababu jua letu linaivunja klorini hata kwenye bwawa safi, na hutajua nani kaila.

Tumia kipimo cha matone au cha vidonge. Vijikaratasi vya kuchovya, kwa unyevu huu wa pwani, vinaharibika ndani ya kopo lao wenyewe mara tu linapoanza kufunguliwa kila siku.

Dalili ya kwanza: klorini inapotea usiku

Hapa mwani uko hai. Sababu ninazozikuta, kuanzia ile ya kila siku:

*Dozi ilikuwa ndogo, au iliachwa mapema.* Watu wanatia mara moja, ukijani unafifia, wanaacha. Mwani uliofifia haujafa. Kwanza shusha pH, kile kipimo cha uchachu wa maji, kwa asidi iwe karibu 7.2. Kisha pima stebilaiza, ile asidi ya sayanuriki inayoikinga klorini na jua, kwa sababu ndiyo inayoamua dozi: klorini ifike takribani asilimia 40 ya namba ya stebilaiza. Stebilaiza ikiwa 30, unataka klorini 12 (namba hizi ni miligramu kwa lita). Kwenye bwawa letu, kutoka sifuri, hiyo ni karibu gramu 890 za klorini ya unga ya asilimia 65. Itie jioni, pampu ikiwa inafanya kazi, uiyeyushe kwanza kwenye ndoo ya maji. Siku inayofuata pima kila baada ya saa mbili tatu, na kila ikishuka irudishe palepale. Kinachoua ni kuishikilia juu bila kuiachia. Furushi moja kubwa halifanyi kazi hiyo.

*Kuna maficho.* Nyuma ya taa ya majini, chini ya ngazi ya chuma, ndani ya skima (kile kisanduku cha ukutani kinachovuta uchafu wa juu ya maji), kwenye ukingo wa vigae ambako saruji imelika, na kona ambayo mkondo wa maji haufiki. Sugua kila siku, na usisahau kifuniko cha skima upande wa chini. Bwawa la plasta au vigae linastahimili brashi ngumu ya nailoni; la faiba au la turubai linataka brashi laini. Ukiona vumbi la njano linalorudi upande wa kivulini kila asubuhi, huo ni mwani wa aina nyingine, mkaidi zaidi. Tia na bomba la kufyonzea na brashi zenyewe ndani ya maji yenye klorini, maana vinaurudisha.

*pH iko juu.* Kwenye 7.2 karibu theluthi mbili ya klorini huru iko katika hali yake kali. Ikifika 8 kinabaki kama robo au chini yake. Unalipia mfuko mzima, unatumia kikombe. Ila pima pH kabla ya dozi kubwa, kwa sababu klorini ikipita 10 rangi ya kipimo cha pH inadanganya na kukuonyesha juu zaidi ya ukweli.

*Stebilaiza imezidi.* Hili ni janga la mabwawa yanayoishi kwa vidonge. Vidonge vya asilimia 90 vimebeba stebilaiza ndani yake: kila klorini 10 unayoipata kutoka kwenye kidonge inakuachia karibu 6 ya stebilaiza. Klorini inatumika na kuisha, stebilaiza inabaki. Jua haliiondoi, filta haiishiki. Baada ya msimu mmoja wa vidonge ndani ya kile kibuyu kinachoelea unaikuta imepita 100, na hapo dozi ya kuua inakuwa kubwa hata duka zima halitoshi. Njia ya uhakika ni kubadilisha maji: ukitoa nusu na kujaza maji mapya, 120 inakuwa 60. Soma sehemu ya mwisho kabla hujafungua tundu la kutolea.

*Amonia.* Hutokea hasa bwawa likikaa muda mrefu bila klorini kabisa, wakati mwingine kwa sababu vijidudu vimeila stebilaiza yenyewe. Dalili yake ni hii: unatia dozi nzima, baada ya nusu saa ni sifuri. Endelea kutia, dozi ndogondogo kila baada ya dakika chache, mpaka ianze kushika. Itashika, ingawa mfukoni itauma.

Kuna pia sifuri ya uongo. Kidonge cha kupimia kikikutana na klorini nyingi mno, maji kwenye kichupa yanawaka rangi ya waridi kwa sekunde moja kisha yanapoteza rangi kabisa. Mtu anasoma sifuri, anaongeza klorini juu ya klorini. Ukishuku, chukua sehemu moja ya maji ya bwawa, changanya na sehemu nne za maji ya kunywa ya chupa, pima, zidisha kwa 5.

Dalili ya pili: klorini inakaa usiku kucha, maji bado meupe

Hapa acha kununua klorini, maana zaidi ya nusu ya simu za Juni huishia hapa. Mwani umekufa na anayedaiwa ni filta.

Anza na saa za pampu. Mwenye nyumba ataniambia, "Fundi, pampu inazunguka, kwa muda wa saa nne kila siku." Tufanye hesabu. Pampu inayosukuma lita 10,000 kwa saa inahitaji karibu saa tano kupitisha lita 48,000. Lakini maji yaliyochujwa yanarudi na kuchanganyika na machafu, kwa hiyo baada ya mzunguko mmoja ni karibu asilimia 63 tu ya maji iliyopita kwenye filta hata mara moja. Baada ya mizunguko minne ndipo unafika 98. Na mchanga ulio ndani ya tangi la filta haushiki kila chembe kwa pito moja: kilicho kidogo kuliko mikroni 20 hadi 40 kinapita kikipiga mluzi. Kwa hiyo baada ya ukijani pampu ni usiku na mchana, siku tatu, nne, hata wiki. Pampu ya nguvu farasi moja ikizunguka saa 24 itakula uniti 18 au zaidi. Ni pesa, najua. Linganisha na bei ya chupa nne.

Kama kwako umeme unakatika, usitegemee saa ya kuwashia iliyoseti jana. Ya kizamani inasimama na umeme, na unakuta pampu inaanza kazi saa sita usiku na kuzima alfajiri.

Pili, tazama geji ya presha. Andika kwa kalamu ya wino mzito kwenye tangi lenyewe namba ya siku filta ilipokuwa safi. Tuseme ni psi 12. Ikifika 20 hadi 22, piga bakiwoshi, yaani geuza mkondo wa maji uoshe mchanga na kutupa uchafu nje. Zima pampu kwanza, ndipo ugeuze mkono wa vali. Niliwahi kuugeuza pampu ikiwa inakwenda, nikiwa na haraka ya kuwahi boti, na nikaukata mpira wa ndani wenye umbo la buibui. Boti nilipata, wiki mbili zilizofuata nilimlipa mwenye bwawa kwa kazi ya bure. Bakiwoshi dakika mbili tatu, mpaka kile kioo kidogo kionyeshe maji safi, kisha rinsi nusu dakika hadi dakika moja, kisha rudisha kwenye kuchuja.

Na usioshe mara nyingi mno. Kuna vijana wanapiga bakiwoshi asubuhi na jioni wakidhani wanasaidia. Mchanga uliotoka kuoshwa unashika vibaya. Ule wenye uchafu kidogo unashika chembe ndogo zaidi, kama kifumbu cha nazi kinavyochuja vizuri zaidi kikishajaa machicha kidogo. Acha geji iseme.

Sasa linganisha maji. Jaza glasi moja katikati ya bwawa, nyingine mbele kabisa ya mdomo wa kurudishia. Ziweke juu ya gazeti. Ya mdomoni ikiwa safi kidogo kuliko ya bwawani, hata kidogo sana, filta inafanya kazi na unachohitaji ni muda. Zikiwa sawasawa kabisa, filta inapitisha tu. Hapo zipitie hizi kwa zamu:

Maji yamefika nusu ya mdomo wa skima? Yakishuka, pampu inavuta hewa, unaona mapovu yakitoka kwenye mdomo wa kurudishia. Mapovu pia yanatoka kama mpira wa kifuniko cha kikapu cha pampu umekauka. Uufute, uupake grisi ya silikoni, usiupake mafuta ya kula kama nilivyokuta mahali.

Kisha mchanga. Zima pampu, fungua kitundu cha hewa juu ya tangi mpaka geji isome sifuri na hewa iache kutoka, ndipo ulegeze kifuniko. Tangi lenye presha linaweza kurusha kifuniko hicho kichwani kwako. Ndani tazama uso wa mchanga: unatakiwa kuwa tambarare. Ukiona mashimo kama ya kaa wa pwani, maji yamejichimbia njia na hayachujwi tena. Ukiona madonge yaliyoshikana kwa mafuta ya kujipaka ya wageni, mchanga umekwisha. Kwa kawaida mchanga wa silika unadumu miaka mitano hivi.

Hapa nikuambie la nyumba moja ya ufukweni, ambayo sitaitaja. Maji hayakuwahi kung'aa tangu ilipobadilishiwa mchanga. Nilipofungua tangi nikachota kiganja: mweupe, laini kama unga wa ngano, ndani yake vipande vya kombe na kimwiba cha nungunungu wa baharini. Fundi aliyetangulia alilipwa mchanga wa dukani, akavuka barabara na kiroba. Nilidondosha matone mawili ya asidi juu yake, ukachemka kama soda. Mchanga wa ufukwe wetu mweupe ni matumbawe na makombe yaliyosagika, yaani chokaa: ni laini mno, asidi ya bwawa inaula, na unagandana kuwa jiwe. Kinachotakiwa ni silika ya milimita 0.4 hadi 0.8. Kama hujui ulichowekewa, matone mawili ya asidi yatakuambia.

Mpira wa vali nao. Ukiwa kwenye kuchuja na bado maji yanachuruzika kwenye bomba la kutupia, au glasi mbili zinafanana ingawa mchanga ni mpya, mpira umekufa na maji yanapita pembeni bila kugusa mchanga. Ukishakata umeme unabadilisha mwenyewe kwa bisibisi, ukikumbuka kuweka alama ya kalamu kwenye kifuniko na mwili wa vali ili uvirudishe vilivyokuwa.

Yote hayo yakiwa sawa na maji bado ni tui jepesi, chembe ni ndogo kuliko uwezo wa mchanga. Hapo ndipo shabu inapoingia. Ndiyo, hiyohiyo ambayo bibi zetu walitulizia maji ya mtungi. Gramu 50 hivi kwa kila mita ya ujazo. Kwa bwawa letu ni kilo 2.4. pH iwe kati ya 7.2 na 7.6, alkalini (ile inayoizuia pH isiyumbe) isiwe chini ya 80, kwa sababu shabu inavishusha vyote viwili. Geuza vali kwenye kuzungusha, yaani maji yasipite kwenye mchanga. Kama filta yako ni ya katriji na haina njia hiyo, usitumie shabu kabisa. Itaziba na hutaifungua. Yeyusha kwenye ndoo, mwaga ukizunguka bwawa lote, zungusha saa mbili, zima. Asigusane mtu na maji mpaka asubuhi.

Asubuhi utaona blanketi limelala chini, la kijivu, laini kama povu la sabuni lililozama. Usilikanyage, usilisugue. Weka vali kwenye kutupa, usipitishe kwenye filta, na ufyonze taratibu kuliko unavyodhani ni taratibu. Ukiharakisha linainuka lote na unasubiri usiku mwingine. Utapoteza maji mengi, kwa hiyo panga na boza kabla, na bomba lako la kutupia lisielekee kisima cha jirani wala shamba la mchicha.

Mpangilio ni muhimu: shabu kwenye mwani ulio hai inakupa siku mbili za maji mazuri, kisha ukijani unarudi.

Dalili ya tatu: pampu ikiwashwa, wingu linatoka kwenye mdomo wa kurudishia

Mara nyingi umesahau rinsi, na uchafu uliolegezwa na bakiwoshi umerudi bwawani. Rudia bakiwoshi na rinsi. Likitoka wingu kila siku, na ukipapasa chini ya mdomo unakuta punje za mchanga, mirija yenye matundu membamba iliyo chini ya tangi imevunjika. Kuibadilisha ni kutoa mchanga wote kwa kikombe, na mirija hiyo inavunjika kwa kuitazama tu. Kama hujawahi, mwite aliyewahi.

Dalili ya nne: maji yamekuwa maziwa ndani ya saa moja baada ya kutia dawa

Huyu si mwani. Ni chokaa, na pwani tunaijua vizuri: visima vyetu vinachota kwenye mwamba wa matumbawe, maji yanatoka magumu tangu siku ya kwanza. Klorini ya unga inaongeza chokaa nyingine, karibu 7 kwa kila klorini 10. Kisha mtu anatia magadi kupandisha pH, na kila kitu kinajitenga kwa mpigo mmoja.

Kipimo: glasi ya maji ya bwawa, matone machache ya asidi, koroga. Yaking'aa mbele ya macho yako, ni chokaa. Yakibaki meupe, rudi dalili ya pili.

Tiba: shusha pH kwa asidi hadi 7.2, kidogokidogo, pampu ikiwa inakwenda, upime baada ya saa kadhaa. Weupe utayeyuka wenyewe, na kilichobaki filta itakichukua. Usitie magadi zaidi ya nusu kilo kwa mara moja kwenye bwawa la ukubwa huu, na kama kisima chako ni kigumu sana, hamia klorini ya maji.

Dalili ya tano: maji yanang'aa lakini yana rangi

Kijani angavu unachoweza kuona chini yake, kama chupa ya soda, si mwani, ni shaba. Muulize mzee wa zamani aliyekuwa akilitunza bwawa kama alitia mrututu. Mrututu unaua mwani kweli, ila shaba inabaki, inachora madoa kwenye plasta na kuzipaka kijani nywele za wageni wenye nywele za rangi ya dhahabu. Kahawia kama chai ya rangi, iliyotokea mara baada ya klorini, ni chuma kutoka kisimani. Kuongeza klorini kunazidisha vyote viwili. Dawa ya kufunga madini inasaidia, kubadilisha sehemu ya maji kunasaidia zaidi.

Pa kuacha na kuita mwenye utaalamu

Kikata umeme kikiruka kila ukiwasha pampu, au ukisikia mtekenyo ukigusa ngazi ya chuma au maji. Usijaribu mara ya pili. Zima kwenye swichi kuu, muite fundi umeme mwenye leseni, na asiingie mtu majini.

Ukisikia harufu kali ya kuchoma kooni kwenye chumba cha pampu. Klorini ya unga ikikutana na asidi inatoa gesi, na gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, inalala kwenye mashimo ambako pampu nyingi zimewekwa. Toka nje, nenda upande upepo unakotoka, usirudi kumfuata mtu bila vifaa. Aliyeivuta apelekwe hospitali hata kama anasema yuko sawa.

Ukikuta klorini ya unga na vidonge vimechanganywa kwenye ndoo moja, au kijiko cha kimoja kikitumika kwenye kingine. Mchanganyiko huo unaweza kuwaka au kulipuka, hasa ukipata maji kidogo. Usikoroge, usifunge kifuniko, usimwagie maji. Ondoa watu, piga simu zimamoto. Na siku zote ni dawa inayotiwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye dawa.

Ukitaka kulitoa bwawa maji yote. Hapa usimsikilize mtu anayekuambia ni saa mbili za kazi. Chungulia kisima kilicho karibu: maji yake yakiwa juu kuliko sakafu ya bwawa lako, maji ya ardhini yanalisukuma bwawa kwenda juu, na kinachoshikilia ni uzito wa maji yaliyomo. Masika, na hasa bamvua ikijaa karibu na ufukwe, msukumo huo unazidi. Toa theluthi, jaza, subiri, toa theluthi nyingine, au mwite anayejua kuifungua vali ya kupunguza msukumo iliyo sakafuni, kama ipo. Nimeliona bwawa moja la faiba lililokaushwa Mei kwa ajili ya kusuguliwa. Asubuhi ngazi ya kuingilia ilikuwa imepanda juu ya nyasi karibu urefu wa kiganja, vigae vya pembeni vimepasuka kwa mstari mmoja kuzunguka, na chini yake, kwenye ufa, maji masafi kabisa yalikuwa yakichuruzika.